Jina la Fatuma

Imepokewa katika hadithi zilizo sahihi kwamba Bibi Fatuma, binti wa Mtume Muhammad, rehema na amani ziwe juu yake, alikuwa akisaga nafaka kwa jiwe la mkono hata viganja vyake vikaumia, na aliposikia kuwa kuna mateka waliofikishwa Madina alikwenda nyumbani kwa baba yake kuomba mtumishi wa kumpunguzia kazi, asimkute, akaieleza haja yake kwa Bibi Aisha, mke wa baba yake, kisha akarejea. Usiku ule Mtume aliwaendea Fatuma na mumewe Sayyidna Ali, nao wamekwisha jinyoosha kulala. Na badala ya mtumishi aliwapa jambo ambalo alisema lina kheri kwao kuliko mtumishi, nalo ni kwamba wapandapo kitandani wamsabihi Mwenyezi Mungu mara 33, wamhimidi mara 33, na waseme ya kuwa Yeye ni Mkubwa mara 34. Maneno hayo mia moja ndiyo yaitwayo tasbihi ya Fatuma, na hata leo, katika nyumba nyingi kutoka Lamu hadi Kilwa na kutoka Unguja hadi Ngazija, wako wasiofumba macho usiku kabla ya kuyatimiza.

Nimetanguliza kisa hiki kwa kuwa ndani yake mna siri ya jina lenyewe. Majina mengi ya wanawake hupendwa kwa uzuri wa maana zake: Jamila ni mzuri, Rehema ni huruma ya Mungu, Zawadi ni tunu, Lulu ni johari ya baharini. Jina la Fatuma halina pambo la namna hiyo hata kidogo. Maana yake ya asili ni ya kazi za mlezi na mtoto mchanga, na fahari yote iliyolizunguka kwa karne kumi na nne haikutoka katika herufi zake, bali ilitoka kwa wale waliolichukua, wa kwanza wao akiwa mwanamke aliyesaga, aliyeteka maji, aliyelea watoto wanne na aliyefariki kijana.

Asili ya jina ni kitenzi cha Kiarabu fatama, maana yake kumlikiza mtoto, yaani kumwachisha ziwa. Na fatima ni mwanamke alikizaye, au, kwa kauli ya wengine, ni mtoto wa kike aliyekwisha likizwa. Msomaji aweza kustaajabu kwamba kitoto cha siku saba, ambacho hakijui jambo lolote duniani ila ziwa la mama yake, hupewa jina la kuliacha ziwa hilo. Lakini tukumbuke hali ya watu wa zamani, Bara Arabu na kwingineko, ambako watoto wengi walifariki kabla ya kutimiza miaka miwili, muda ambao Kurani inautaja kuwa ni ukamilifu wa kunyonyesha. Mtoto aliyefika kulikizwa alikuwa amevuka mlango wa hatari, na wazazi wake walipata matumaini ya kumwona akikua. Kwa hiyo mimi huliona jina hili kuwa ni dua iliyofupishwa ikawa neno moja: mtoto huyu na aishi hata alikizwe, na akiisha kulikizwa aishi hata naye aje kulikiza wanawe. Wako wanavyuoni waliolifasiri kwa njia nyingine, wakichukua maana ya kukata iliyomo katika kitenzi kilekile, wakasema kwamba binti wa Mtume aliitwa hivyo kwa kuwa Mwenyezi Mungu amemkata, yeye na wampendao, na Moto. Tafsiri hiyo ni tukufu na ina wapenzi wengi, hasa miongoni mwa Mashia. Lakini dhahiri ni kwamba jina lilikuwako kabla ya Uislamu, na Waarabu wa zama zile walilitoa kwa mabinti zao wakiwa na mambo ya nyumbani katika fikira zao.

Ushahidi wa jambo hilo ni mwingi. Mama yake Bibi Khadija aliitwa Fatima binti Zaida, kwa hiyo yaelekea Mtume na mkewe walipompa binti yao jina hilo walilirudisha jina la bibi yake, kama tufanyavyo sisi mpaka leo. Mama yake Sayyidna Ali naye aliitwa Fatima, binti Asad, na ndiye mwanamke aliyemlea Mtume alipokuwa yatima katika nyumba ya Abu Talib. Dada yake Sayyidna Umar aliitwa Fatima, binti Khattab, ambaye habari zake katika sira ni za kusisimua: nduguye alimwingilia nyumbani kwa hasira baada ya kuambiwa kuwa dada mtu amesilimu, akampiga hata damu ikamtoka, naye hakuikana imani yake, Umar alipoiona damu ile alitahayari, akaomba asomewe yaliyokuwa yakisomwa, akasomewa Sura ya Taha, na siku hiyohiyo akaenda kusilimu. Fauka ya hayo, imepokewa kwamba Mtume alipotunukiwa kitambaa cha hariri alimpa Sayyidna Ali na kumwamuru akipasue kiwe mitandio ya akina Fatima, akilitumia jina kwa wingi wake wa Kiarabu, Fawatim, kana kwamba ni kabila zima la wanawake. Mji ulikuwa umejaa akina Fatima hata kabla ya mmoja wao kuwapita wote kwa utukufu.

Huyo mmoja alizaliwa Makka, kwa kauli ya wanahistoria wengi wa Kisuni, katika mwaka ambao Makuraishi waliijenga upya Al-Kaaba, kiasi cha miaka mitano kabla ya Mtume kupewa utume. Aliolewa na Sayyidna Ali baada ya vita vya Badri, katika mwaka wa pili wa Hijra. Alizaa Hassan na Hussein, na mabinti wawili, Zainabu na Ummu Kulthum. Na kwa kuwa watoto wengine wa Mtume ama walifariki wadogo ama hawakuacha kizazi kilichoendelea, kila mtu duniani anayeitwa Sharifu, awe wa Pate, wa Lamu, wa Hadhramaut au wa Morocco, nasaba yake hupitia kwa Fatuma. Jambo hili watu wa pwani hawalisahau. Masharifu wa kwetu, wa ukoo wa Jamali-Lail, wa Mahdali, wa Abu Bakr bin Salim na wengineo, ambao walitufundisha vyuoni na kutusomea maulidi, wanaunganishwa na Mtume kwa mwanamke, katika jamii ambayo huhesabu ukoo kwa upande wa baba. Bibi Fatuma alifariki mwaka wa 11 wa Hijra, sawa na mwaka 632, miezi michache tu baada ya baba yake, na alikuwa wa kwanza katika watu wa nyumba yake kumfuata, kama baba yake alivyombashiria katika maradhi yake ya mwisho.

Jina la mtu apendwaye namna hiyo haliwezi kubaki peke yake. Lakabu huzaliwa pembeni yake, na lakabu nazo hugeuka majina. Aliitwa Zahra, yaani mwenye nuru, mng'aavu. Na leo Zahra, na Zahara ya Kiswahili, ni majina kamili ya wasichana ambao pengine hawajui kuwa wamepewa nusu ya jina la mtu, kwani Morocco na Algeria huliandika kwa ukamilifu wake, Fatima Zahra. Aliitwa Batuli, yaani aliyejitenga na anasa za dunia kwa ajili ya ibada, na akina Batuli wa Unguja na Mombasa wanatokana na lakabu hiyo. Aliitwa pia Ummu Abiha, mama wa baba yake, kunia ambayo haina mfano katika kunia zote nilizopata kuzisoma, kwa jinsi alivyomuuguza na kumhurumia Mtume baada ya Bibi Khadija kufariki.

Baada ya karne tatu jina likawa bendera ya dola. Watawala waliojiita Mafatimi, kwa kudai nasaba ya Bibi Fatuma, walianza kutawala Afrika ya Kaskazini mwaka 909, wakaiteka Misri mwaka 969, wakaujenga mji wa Kairo na msikiti wa Al-Azhar, ambao wengi wanaona umeitwa hivyo kwa ajili ya lakabu ya Zahra. Na dola yao haikuondoka mpaka mwaka 1171, ilipoondolewa na Salahuddin. Mabohora wa Mombasa, wa Unguja na wa Dar es Salaam, ambao madhehebu yao yanarejea kwa maimamu hao wa Kairo, hawajaacha kuwaita binti zao jina hili, nao huliandika Fatema.

Wako pia wanawake wa elimu ambao wangestahili kukumbukwa hata kama wangeitwa jina jingine lolote. Fez nchini Morocco wanasimulia kwamba msikiti na chuo cha Qarawiyyin, kilichoasisiwa mwaka 859, kilijengwa kwa mali ya mwanamke aliyeitwa Fatima al-Fihri, aliyerithi utajiri wa baba yake akautoa wote katika kazi hiyo. Lakini mimi nampenda zaidi Fatima wa Samarkandi, wa karne ya kumi na mbili, binti wa mwanasheria Alauddin, aliyekihifadhi kitabu cha sheria cha baba yake kizima. Wafalme walimposa, baba yake asiridhike. Hatimaye mwanafunzi mmoja wa mzee huyo, Al-Kasani, alikiandikia kitabu kile sherehe kubwa, yaani kitabu cha kukifafanua, mzee akapendezwa nayo hata akamwoza binti yake na kuifanya sherehe ile ndiyo mahari. Inasemwa kwamba fatwa zilizotoka katika nyumba ile zilikuwa na hati ya baba na ya binti, na baada ya ndoa zikawa na hati ya watu watatu. Na Al-Kasani, ambaye watu wa zama zake walimwita mfalme wa wanavyuoni, alipokosea mkewe alimrudi, naye alimsikiliza. Kitabu cha mahari hiyo, Badai as-Sanai, kingali kinasomeshwa katika madhehebu ya Hanafi.

Sasa tufike kwetu. Waarabu wa Omani na Hadhramaut katika mazungumzo yao ya kila siku hulifupisha jina wakasema Fatma, na kwa kuwa Kiswahili hakipendi konsonanti mbili za namna hiyo zikutane bila irabu kati yake, kama rahma ilivyofanywa rehema na hikma ikafanywa hekima, ndivyo Fatma ilivyotiwa irabu ikawa Fatuma. Unguja na Pemba, ambako mahusiano na Omani yalikuwa ya karibu zaidi, Fatma imebaki na nguvu zake; Tanga, Bagamoyo, Dar es Salaam na pwani yote ya Kenya, Fatuma ndiyo iliyotawala, na wapo pia waitwao Fatume. Kisha jina likafuata njia za misafara kutoka Bagamoyo hadi Tabora, Ujiji na ng'ambo ya ziwa mpaka Maniema, na ndiyo maana leo katika mitaa ya Waislamu wa Kasongo, wa Buyenzi mjini Bujumbura na wa Kigoma, mwanamke aitwaye Fatuma hahitaji kueleza ametoka wapi.

Nalo halikuja pwani kama jina la watu wadogo. Mwishoni mwa karne ya kumi na saba Unguja ilitawaliwa na malkia aliyeitwa Fatuma, mwenye urafiki na Wareno, na Waomani walipoizingira Ngome ya Yesu ya Mombasa kutoka mwaka 1696 hadi 1698, yeye alikuwa akiwapelekea chakula waliozingirwa. Ngome ilipoanguka malkia alilipa gharama ya urafiki huo: alichukuliwa Omani, akakaa uhamishoni kwa muda wa miaka kama kumi kabla ya kurudishwa katika kisiwa chake. Husemwa kwamba jumba lake lilikuwa pwani ya Mji Mkongwe, mahali pale ambapo mwaka 1883 Sultani Barghash alijenga Beit al-Ajaib. Historia yake imeandikwa zaidi na wageni, na kila mmoja amempima kwa maslahi ya taifa lake. Laiti tungekuwa na habari zake kwa kalamu ya mtu wa Unguja wa siku zile, huenda tungemwona kuwa ni mtawala wa kisiwa kidogo aliyekuwa kati ya mataifa mawili yenye mizinga, akijaribu kuokoa alichoweza.

Na katika visiwa vya Komoro alikuwapo mwingine, Jumbe Fatuma wa Mwali, ambaye historia yake haipungui hadithi za kubuni kwa maajabu. Baba yake, Ramanetaka, alikuwa mtu mkubwa wa Madagaska aliyekimbia kwao, akakiteka kisiwa cha Mwali, akasilimu na kuitwa Abdurrahmani. Alipofariki mwaka 1842 alimwachia ufalme binti aliyekuwa bado mtoto mdogo. Wafaransa walimpelekea mwalimu wa kike wa kumlea kwa adabu zao na kumtawaza kwa sherehe mwaka 1849, wakitaraji kuwa malkia aliyefunzwa Kifaransa atakuwa wao. Lakini alipopata umri alimwondoa mwalimu yule na kuolewa na mume kutoka Unguja. Maisha yake yote alivutwa huku na huku baina ya Paris na Unguja, na tajiri mmoja wa Kifaransa, Joseph Lambert, akajipatia kwake mkataba wa mashamba ulioacha taabu nyingi katika kisiwa. Mwaka 1867 alikiacha kiti, akenda hata Ufaransa kudai haki yake, mwaka 1871 akakirudia kiti chake, akakikalia mpaka kufariki kwake mwaka 1878.

Lakini tangu zamani uhai wa jina umekuwa katika akika, wala si katika viti vya enzi. Mtoto azaliwapo huadhiniwa katika sikio la kulia. Siku ya saba hunyolewa, mbuzi akachinjwa, jina likatangazwa, na wenye uwezo hutoa sadaka ya uzani wa nywele zile kwa fedha. Katika jambo hili la sadaka Bibi Fatuma mwenyewe ndiye kielelezo, kwa kuwa imepokewa kwamba alizipima nywele za Hassan na Hussein akatoa fedha ya uzani wake. Kwa hiyo binti anayeitwa Fatuma siku ya akika yake hufanyiwa sunna ambayo mwenye jina aliitenda kwa wanawe.

Aghalabu jina hilo huwa la bibi mzaa baba au mzaa mama, na hapo ndipo panapozaliwa adabu moja nzuri ya pwani. Mke aliyemwita binti yake jina la mkwewe hawezi kulitamka ovyo, wala hawezi kumkemea mtoto kwa jina hilo mbele ya mwenye nalo. Basi mtoto huitwa Bibi, au Mama, au hupewa jina la kuitwa, na wako waliofika utu uzima majirani wasijue kuwa jina lao la haki ni Fatuma. Nyanya naye humwita mjukuu huyo somo yangu, humwekea kipande kizuri cha nyama katika sinia, humtetea akikosa, na mara nyingi humuusia kisutu au mkufu wake. Sijui desturi nyingine iliyo nyepesi namna hii kwa kuunganisha vizazi viwili vilivyopishana miaka sitini. Na majina ya kuitwa hayana mwisho: Fatu, Tuma, Tima, Fatumaa yenye kuvutwa mwishoni, na siku hizi Faty kwa wasichana wa shule.

Jina la kuitwa laweza hata kulimeza jina la haki lisionekane tena. Watu wangapi waliomsikiliza Bi Kidude, sauti ile nene iliyopanda jukwaani kwa taarabu na ngoma ya msondo, wanakumbuka kuwa alikuwa Fatuma binti Baraka? Alizaliwa kijiji cha Mfagimaringo, Unguja, mtoto mdogo mno wa umbo hata ndugu wa wazazi wake akamwita kidude, na Kidude akabaki katika Afrika, Ulaya na kote alikokwenda kuimba, mpaka alipopewa tuzo ya WOMEX mwaka 2005, na mpaka alipofariki tarehe 17 Aprili 2013. Ni jambo la kutafakari kwamba waimbaji wawili wakubwa wa kike wa Unguja wote walijulikana kwa lakabu. Kwani Siti binti Saad naye, ambaye nyimbo zake Bi Kidude alizijifunza na kuziendeleza, aliitwa na wazazi wake Mtumwa. Mmoja aliondoka katika jina la unyonge akapewa la ubibi; mwingine alikuwa na jina la binti wa Mtume akajulikana kwa jina la kitu kidogo, naye hakuona kuwa limempunguza.

Nje ya pwani yetu kila ulimi umelitengeneza jina kwa namna yake. Wasomali husema Faadumo. Senegali, Mali na Guinea wana Fatoumata, Fatimata na Fatou, na Mgambia Fatou Bensouda, mwendesha mashitaka wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kutoka mwaka 2012 hadi 2021, ambaye wasomaji wa Kenya wanamkumbuka kwa kesi zilizotokana na machafuko ya uchaguzi wa mwaka 2007, ni Fatuma mwenzao. Uturuki ni Fatma, mojawapo ya majina yaliyoenea kabisa kwa wanawake wa nchi hiyo. Kabylia katika Algeria ni Fadhma, na aliyelipa heshima kuu ni Lalla Fadhma N'Soumer, aliyewaongoza watu wa milimani kupigana na majeshi ya Ufaransa hata alipotekwa mwaka 1857. Ethiopia ni Fatuma kama kwetu: Fatuma Roba, mkimbiaji wa Arsi, alishinda marathoni ya Olimpiki mjini Atlanta mwaka 1996, mwanamke wa kwanza wa Afrika kupata ushindi huo, kisha akashinda Boston mara tatu mfululizo, 1997, 1998 na 1999.

Algeria ileile iliyomtoa Lalla Fadhma ndiko jina lilikoonja dharau. Walowezi wa Kifaransa walizoea kumwita kila mtumishi wa kike wa nyumbani fatma, bila ya kuuliza jina lake, kana kwamba wanawake wa nchi nzima ni mtu mmoja asiye na baba wala mama. Nasema kwa uchungu kwamba hii ni dhuluma ndogo isiyoandikwa katika mikataba wala katika hesabu za vita, na hata hivyo ilimfikia mwanamke kila asubuhi alipoitwa jikoni. Wanawake wa Algeria hawakuliacha jina kwa ajili hiyo. Wameendelea kulitoa kwa binti zao wakati wa ukoloni na baada ya uhuru wa mwaka 1962, na mimi naona hakuna jibu lililokuwa bora kuliko hilo.

Pengine msomaji Mkristo amekuwa akingoja kwa subira, kwa kuwa naye analo fungu lake. Ureno ilikuwa na watawala wa Kiislamu kwa karne kadhaa, na mahali pengi huko pangali pana majina ya Kiarabu; kijiji kimoja, ambacho leo ni mji, kimeitwa Fátima, na watu wake husimulia juu ya binti mfalme wa Kiislamu aliyetekwa, akaolewa na mtawala wa Kikristo, akaacha jina lake katika ardhi. Katika kijiji hicho, kuanzia tarehe 13 Mei hadi 13 Oktoba mwaka 1917, watoto watatu wachungaji, Lúcia, Francisco na Jacinta, walisema kuwa wametokewa na Bikira Maria, na mahali pale pakawa pa hija kwa Wakatoliki wa dunia nzima. Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alipopigwa risasi mjini Vatikani tarehe 13 Mei 1981, akanusurika, aliamini kuwa ameokolewa na Mama wa Fatima, na risasi ile ikatiwa katika taji la sanamu yake huko Ureno. Tangu hapo na hata kabla ya hapo, Wareno, Wabrazili na Wakristo wa Msumbiji huwaita binti zao Maria de Fátima, na Afrika ya Mashariki tunazo parokia zenye jina la Bikira Maria wa Fatima. Hivyo jina la binti wa Mtume wa Uislamu linatajwa katika misa na katika maulidi, pengine katika mji mmoja na jioni moja, na wote wawili, padri na sharifu, hulitaja kwa taadhima.

Je, hali yake leo ni ipi? Katika miji yetu wazazi vijana wanapenda majina mapya: Naila, Ilham, Samira, Nasra, Hanan, na wapo wanaoliona jina la Fatuma kuwa ni la mabibi, jina lenye harufu ya udi na kanga ya zamani, lisilofaa kwa mtoto atakayekwenda chuo kikuu. Siwalaumu kwa kupenda upya, kwani kila zama zina ladha yake. Hata hivyo neno la kwamba jina ni la kizamani halisimami mbele ya ushahidi. Mwezi wa Agosti mwaka 2022 watu wa Kwale, pwani ya Kenya, walimchagua Fatuma Achani awe gavana wao, mwanamke wa kwanza kukalia kiti hicho katika kaunti yao; na kutoka mwaka 2016 hadi 2023 katibu mkuu wa shirikisho la mpira wa miguu la dunia alikuwa Fatma Samoura wa Senegali, naye pia mwanamke wa kwanza katika kazi hiyo. Kwa desturi ya kumrudisha nyanya, tena, jina la bibi ndilo hasa linalostahiki kurudi: mabibi wa leo wakiwa akina Fatuma, wajukuu wanaozaliwa sasa wanayo haki ya kulirithi.

Nina ombi moja tu kwa wazazi watakaolichagua. Wako wanawake wengi ambao cheti cha kuzaliwa kinasema Fatuma, cheti cha shule kinasema Fatma, na pasi ya kusafiria inasema Fatima, kwa sababu kila karani aliliandika kama alivyolisikia au kama alivyozoea, na mwenye jina akalazimika kwenda kwa wakili kula kiapo kwamba hao watatu ni mtu mmoja, tena mara nyingi ni wakati ambapo kazi, mirathi au safari ya hija haingoji. Amueni kabla ya kwenda afisi ya vizazi, kwa umbo mnalolitamka nyumbani. Mwandikieni karani kwa herufi zilizo wazi katika karatasi. Kisomeni cheti kabla ya kuondoka dirishani, na kama kimekosewa kirudisheni siku hiyohiyo. Kisha mtoto akipata akili, mwambieni ni somo wa nani, na mfundisheni tasbihi yake.